Ukuta Nilioupaka Chokaa

Nilikuwa nashona sare za kwaya mchana ule ukuta wetu ulipolia kwa mara ya kwanza. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu amevunja ukuni mkavu kwenye goti, huko nyuma, chumbani kwa baba. Nikasimamisha cherehani na kusikiliza. Upande wa pili mashine ya kuchimba ilikuwa inanguruma tangu asubuhi, na meza yangu ilitetemeka hata uzi ukawa unakatika kila mara. Nikaenda kuangalia. Kutoka pembe ya dirisha hadi karibu na sakafu kulikuwa na mstari mwembamba, mtu angedhani ni unywele umenasa kwenye rangi. Nikapitisha ukucha. Ukucha ukazama.

Nyumba yetu iko kwenye avenue kubwa ya Likasi, katikati ya mji, katika safu ya nyumba fupi za zamani zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Akipiga msumari kwake, picha yako inaanguka kwako. Mbele ya nyumba zote inapita barza, ile veranda ndefu ya nguzo, hata mtu aweza kutoka kwa muuza dawa mpaka kwa mpiga picha mvua ikinyesha bila kulowa kiatu. Mimi ninashona hapo barzani. Nyuma ya duka kuna vyumba viwili, changu na cha baba.

Baba alikuwa fundi mwashi wa kampuni kule Shituru kwa zaidi ya miaka thelathini. Alijenga matanuri, akaziba mifereji, akatengeneza nyumba za wafanyakazi wenzake. Kampuni ilipomwachisha kazi alinunua nyumba hii kwa Mgriki mmoja mzee aliyekuwa anafunga mizigo. Alisema mtu aliyetumia maisha yake kutengeneza kuta za wengine anastahili kufa ndani ya ukuta wake mwenyewe. Mama hakupenda maneno hayo ya kufa, na akatangulia yeye. Tangu hapo tuko wawili.

Kiwanja cha jirani kilikuwa na tanuri la mikate. Kiliuzwa, mabati yakazungushwa, na kibao kikawekwa: R+2. Kwetu kila mtu anajua kusoma hesabu hiyo, ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Hakuna aliyelalamika. Mji ni lazima ukue, na mwenye hela ana haki ya kujenga. Kisha Jumatatu moja tukakuta kibao kimepakwa rangi upya. Kiliandikwa R+6, na rangi ilikuwa bado inachuruzika kwenye mkia wa ile sita. Wiki hiyohiyo mabati yalisogezwa mbele yakameza kipande cha barza, nguzo mbili nzima, na watu wakaanza kushuka barabarani kupishana na malori ya madini. Mwenye jengo hatukumwona hata siku moja. Wengine walisema ni mfanyabiashara wa madini, wengine walisema ni mkubwa fulani. Mjini kwetu ghorofa haikosi uvumi. Tuliyemwona ni ingénieur wa chantier, mhandisi wa ule ujenzi, kijana wa kofia nyeupe, mwenye adabu nyingi kupita kiasi, aliyemwita kila mtu papa na maman hata pale anapomkanyaga.

Baba aliuona ule ufa. Alikwenda uani akarudi na mkebe wa maziwa, akakoroga plasta kwa kijiko kilekile cha siku zote, akabandika kipande cha ukubwa wa kidole juu ya ufa, mguu mmoja huku na mwingine kule. Kilipoanza kukauka alichukua msumari akachora tarehe juu yake.

"Kama ukuta inatembea, hii itapasuka," aliniambia. "Njo témoin. Haijuake kuongopa."

Kisha akamwandika shahidi huyo katika daftari la shule: siku, saa, mahali. Kila asubuhi kabla ya chai alipita na taa ya mkononi kuangalia vipande vyake. Ufa wa pili ulipotokea akabandika kingine, na wa tatu, mpaka vikafika kumi na kimoja. Saba vilikuwa vimepasuka katikati. Usiku nilimsikia anakohoa upande ule wa ukuta nami nikahesabu umbali kati ya kitanda chake na dirisha. Niliogopa. Sioni sababu ya kulizungushia maneno: niliogopa ukuta utamwangukia baba yangu amelala.

Jirani yangu wa nyumba ya tatu anauza vitambaa vya pagne. Ni mama wa kanisa la uamsho, na mume wake ananunua mawe ya wachimbaji kule Kamatanda. Mimi ni Mkatoliki. Tulikuwa tunataniana miaka yote. Mimi namwambia kanisa lao lina kelele kuliko chantier, yeye ananiambia sisi tunasali tumekaa kama tunangoja treni. Yeye pia alikuwa na ufa dukani. Aliufunika kwa pagne nzuri ya kijani ili wateja wasione. Nilicheka nilipoigundua. Nisingecheka kama ningejijua.

Tuliandika barua, watu wote wa safu wakatia sahihi, tukaipeleka ofisi ya mji. Tukaambiwa tungoje. Tuliandika ya pili. Tukaambiwa ya kwanza inashughulikiwa. Mashine iliendelea kuchimba. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mama alikuwa anasema nilizaliwa sufuria ikiwa motoni, na asubuhi moja nilipoona lori la zege linakuja kumwaga msingi nilibeba kiti changu nikakiweka katikati ya mlango wa mabati. Nikarudi, nikabeba cherehani. Mama wa pagne akaleta kiti chake. Mpiga picha akaleta benchi ya studio. Katika nusu saa mlango ulikuwa umejaa viti na watu wa barza nzima, na lori limesimama mbele yetu, pipa lake linazunguka, linazunguka, na joto la injini linatupiga usoni.

Ingénieur alikuja na kofia yake.

"Maman, franchement, munatetea nini?" aliniuliza. "Hizi manyumba ilishachoka. Ilishaoza. Muangalie hii buchafu. Muji iko inaenda mbele, na nyinye muko munaikokota nyuma."

Alinyoosha kidole kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yetu, pale ambapo maji ya mvua yalikuwa yameacha mistari ya kahawia, na watu wote wakageuka kuangalia.

"Na weye," nikamjibu, "mama yako alikuzalia mu etaje?"

Watu walimcheka huyo mzaliwa wa ghorofani, na mimi nikajifanya kucheka. Lakini lile neno buchafu lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sisi, wachafu. Mama yangu, aliyekuwa anasugua masufuria kwa mchanga mpaka unajiona ndani yake.

Polisi wawili walikuja wakasimama kando, hawajui wamtoe nani. Dereva wa lori alishuka akatusihi, akarudi juu, akapiga honi. Mpiga picha alitaka kuondoka, mama wa pagne akamshika shati. Baba peke yake alikuwa ametulia. Alikaa kwenye kiti chake na saa yake mkononi, anaangalia lile pipa.

"Mukae tu," alisema kwa sauti ya chini. "Beton haingojake muntu. Kisha saa moja na nusu, itaanza kukauka mu camion. Dereva anajua."

Tukakaa. Jua lilipanda. Tulisikiliza lile pipa. Ulipokaribia kwisha muda alioutaja baba, dereva alimtukana ingénieur waziwazi, akageuza lori, akaenda zake. Watu walipiga vigelegele mpaka kwa muuza dawa. Wanawake walimkumbatia baba. Kijana wa kofia nyeupe alisimama peke yake kwenye vumbi, na kwa mara ya kwanza hakumwita mtu maman.

Siku chache baadaye tukapata habari kwa barua kwamba kamati ya wataalamu watatu itakuja kutoka makao makuu ya jimbo kuangalia kama nyumba zetu zimeharibika kweli. Watakuja Alhamisi. Mpaka hapo kazi isimame. Barua ilisema wazi: wakiona uharibifu unatokana na chantier, ghorofa zitapunguzwa na ukuta wetu utatiwa nguzo. Wasipouona, kazi itaendelea. Baba aliisoma mara mbili amesimama. Jumatano asubuhi alipiga pasi kombinesheni, ovaroli yake ya bluu ya kampuni, akaitundika mlangoni, kisha akaondoka kwenda Shituru kwa mdogo wake kuchukua timazi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Alikuwa amemwazima miaka mingi iliyopita. Angelala huko.

"Ufagie, uweke viti," aliniambia akipanda moto, pikipiki ya abiria. "Kesho bageni banakuja. Minye nitarudia asubuhi."

Sasa hapa nataka msomaji anielewe, ingawa mimi mwenyewe sijajielewa vizuri. Sisi tuliokulia kambi za kampuni tulilelewa na ukaguzi. Jumamosi walipita akina mama wa huduma ya jamii, wanachungulia chini ya vitanda, wanapitisha kidole juu ya kabati. Nyumba safi ilipewa kadi ya kubandika mlangoni. Mke wa nyumba chafu, jina lake lilifika kwa msimamizi wa mume wake, na mume alirudi nyumbani na uso mwingine. Mama alipata kadi mara nyingi na beseni la zawadi mara moja. Na mkubwa yeyote alipotangazwa kuja, hata kama anapita na gari tu, tulipaka chokaa. Tulipaka kuta, tulipaka mawe ya kando ya njia, tulipaka mashina ya miti. Mgeni mwenye cheo kwetu ana harufu ya chokaa mbichi. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuna mgeni anayekuja kuangalia ubovu.

Mama wa pagne alifika saa nne na ndoo mbili na brashi. Nyuma yake walikuja wengine. Hatukufanya mkutano wala kuulizana. Tulianza kwenye nguzo za barza, tukaenda kwenye kuta za mbele, tukafuta ile mistari ya kahawia niliyoonyeshwa kidole. Mtu alipaka mpaka mashina ya jacaranda. Tuliimba, nyimbo zao na zetu zikachanganyika. Ilikuwa siku ya furaha kuliko zote za mwaka ule, na ndiyo maana inaniuma kuikumbuka.

Mchana tuliingia ndani. Chumbani kwa baba mama wa pagne alisimama mbele ya ukuta, ndoo mkononi.

"Maman, bale bantu batapita huku," alisema. "Bataona hii mapele yote. Batasema nini? Batasema ule ingénieur alisema kweli, nyumba ilishaoza, tuivunje."

"Mais ni batémoins ya tata," nikasema, nikimtaja baba.

"Si aliandika yote mu cahier? Cahier itasema. Ukuta inapashwa kuwa muzuri."

Niliuangalia ule ukuta. Kweli haukupendeza. Vile vipande kumi na kimoja vilikuwa vimeingia vumbi, vina pembe za njano, na nyufa zinapita chini yake. Nilimwona akilini yule kijana amesimama pale na kofia yake, anatabasamu. Niliwaona wale mama wa ukaguzi wanapitisha kidole. Nilijua vile vipande ni nini. Siwezi kusema sikujua. Lakini daftari lilikuwa mezani, limeandikwa kwa mwandiko wa baba uliosimama kama askari, na nilidhani daftari linatosha. Nilikwenda jikoni nikachukua kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo. Nikavibandua kimoja kimoja. Mwanzoni niliviweka kwenye sahani. Vilianza kuvunjika, vikawa unga na makombo, nikavimwaga kwenye shimo la takataka. Nikaziba nyufa kwa plasta mbichi, nikalainisha kwa kiganja, nikapaka chokaa mara mbili. Methali tuliyofundishwa shuleni inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba.

Jioni ukuta uling'aa hata chumba kikaonekana kikubwa. Nilikaa kwenye kitanda cha baba nikautazama, na nilijisikia fahari. Nilisema moyoni, mama angepata kadi.

Baba alifika asubuhi, vumbi la njia mpaka kwenye nyusi, timazi ndani ya mfuko wa plastiki. Gari la wataalamu lilikuwa linaegeshwa. Alizitazama nguzo nyeupe na mashina meupe akatabasamu, akaniambia mumefanya kazi. Hakubadilisha nguo, aliogopa kuwachelewesha. Aliwaamkia mlangoni, akawatangulia ndani, mimi nyuma yao, ingénieur nyuma yangu. Mama wa pagne alibaki kwenye mlango wa chumba.

Nilimwona baba kwa mgongo. Mgongo ulisimama. Harufu ya chokaa ilikuwa bado kali mle ndani. Alinyoosha mkono, akagusa mahali ambapo kipande cha kwanza kilikuwa, akausogeza mahali pa kile cha pili, cha tatu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kisha akageuka. Hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yangu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Mkubwa wa kamati, bwana mwenye miwani, alifungua karatasi zake.

"Papa, tulipata barua yenu. Sasa hizo fissures iko wapi?"

Baba alimpa daftari. Yule bwana aligeuza kurasa taratibu, anatikisa kichwa kwa heshima.

"Cahier iko muzuri, papa. Mais cahier, kila muntu anaweza kuandika mu nyumba yake. Témoins yenyewe iko wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya neno la kwanza.

"Ni minye," baba akasema. "Minye njo niliweka chokaa. Nilisikia haya juu ya bageni."

Ingénieur hakuweza kujizuia. "Papa, si ulituambia weye uko maçon ya kampuni? Maçon gani anafunika batémoins yake yeye mwenyewe?"

"Maçon mwenye kuzeeka," baba akajibu.

Wale wataalamu wengine wawili walicheka kidogo, kicheko cha upole, na huo upole ulikuwa mbaya kuliko matusi. Baba alitoa timazi kwenye mfuko. Mikono yake ilikuwa inatetemeka lakini kamba ilitulia. Aliwaonyesha: juu kamba imegusa ukuta, chini risasi imeachana nao kwa vidole viwili.

"Inainama, ni kweli," alisema mwenye miwani. "Mais nyumba ni ya zamani, papa. Nani anajua ilianza kuinama siku gani?"

Vipande kumi na kimoja vilijua. Vilikuwa kwenye shimo, na maganda ya viazi juu yake.

Waliandika kwamba hakuna nyufa zinazoonekana, na kwamba mwenye nyumba amekiri kuziba ukuta mwenyewe. Baba alitia sahihi chini yake. Lori la zege lilirudi Jumamosi, na safari hii hakuna aliyebeba kiti.

Nyumbani hakulitaja kamwe. Nilipika bukari, ugali wetu, na samaki aliyempenda, akala, akasema asante. Nilitamani anipige. Nilipiga magoti siku moja mbele yake nikiwa nalia, akaniinua akaniuliza kama sare za kwaya zimekwisha. Mkebe wake wa plasta ulibaki uani, kijiko kimegandia ndani. Nyufa zilirudi katika mvua za kwanza, safari hii nyeusi kwenye nyeupe, mtu angeziona akiwa barabarani. Baba alizipita kila asubuhi bila kuzitazama. Alihamisha tu kitanda chake akakiweka upande wangu.

Na mtaa ukampa jina. Alipopita mbele ya studio ya mpiga picha, vijana waliokaa barzani walisema, papa chokaa huyo. Hawakuwa na ubaya, kwetu kila mtu ana jina la utani. Lakini mtu aliyezoea kusimamishwa njiani aulizwe kuhusu msingi au dari, sasa alisimamishwa achekwe. Akaacha kupita. Akawa anazunguka kwa nyuma kwenda misani. Hapo nilitambua kwamba nyumba ilikuwa kitu kidogo. Alichotoa baba siku ile mbele ya watu ni jina lake la ufundi, kitu pekee ambacho kampuni haikumnyang'anya, na alikitoa ili mimi nisionekane mjinga.

Ghorofa ya tatu ilipomwagwa, watu wa avenue walikutana Jumapili katika studio ya mpiga picha kuona kama kuna cha kufanya. Baba hakuja. Nilisimama kabla mkutano haujafunguliwa.

"Chokaa, haikuwa tata," nikasema. "Ni minye. Tata alikuwa Shituru."

Hakuna aliyeshangaa. Mpiga picha aliangalia sakafu. Mama wa pagne alinivuta nguo.

"Maman, kaa," alisema. "Sisi bote tulijua. Ile siku mikono yako ilikuwa nyeupe mpaka mu kucha. Ya papa ilikuwa na mavumbi ya njia tu." Akaiachia nguo yangu. "Na ule mukubwa mwenye miwani, naye alijua. Minye nilisimama pa mulango. Aliangalia mikono ya papa, akaangalia yako, kisha akaandika."

Nilikaa. Chokaa ilinikaa kwenye kucha wiki nzima, naikumbuka. Niliisugua kwa limau. Mtu mwenye miwani na kalamu alikuwa ameona kila kitu. Kama vipande vingekuwepo angelazimika kuandika kitu kingine, au angetafuta njia nyingine ya kutoviona, hilo sitalijua. Nilichokijua pale ni kwamba baba alidanganya uongo ambao haukumdanganya mtu hata mmoja, na kila mtu aliupokea kwa sababu ulimfaa.

Jumatatu nilikwenda ofisini. Karani alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maman, hii haitabadilisha kintu. Rapport ilishaenda."

"Sikukuja kubadilisha rapport," nikamwambia. "Paliandikwa ni tata njo alifunika ukuta. Andika ni minye. Andika: yeye aliweka batémoins kumi na moja, na mutoto wake njo aliharibu."

"Itakusaidia nini?"

"Andika tu, bwana. Halafu upige kachet."

Labda alinihurumia, labda alitaka niondoke. Aliandika, nikatia sahihi, akapiga mhuri, akanipa nakala. Nilirudi kwa miguu nimeishika mbele yangu kama mtu aliyebeba mayai. Dukani kwa mama wa pagne niliona ile pagne ya kijani imekunjwa iko kwenye rafu, inauzwa, na ufa wake uko wazi mbele ya wateja.

"Umuambie papa apite kwangu," alisema. "Na huku aweke."

Baba alisoma ile karatasi amesimama, kama alivyosoma barua ya kamati. Aliisoma polepole, midomo inatembea. Alipofika kwenye mhuri aliupitishia kidole. Kisha akafungua sanduku la bati lenye vyeti vyake vya kampuni, akaiweka juu, akafunga. Sikujua kama amekasirika. Alitoka uani. Nilibaki nimesimama chumbani, na baada ya muda nikasikia kijiko kinagonga mkebe.

Aliniita na kunionyesha kiasi cha maji. Aliniambia nishike mkebe, akabandika kipande juu ya ufa wa dirishani, mguu mmoja huku na mwingine kule. Tukangoja kianze kukauka. Upande wa pili mashine ya zege iliwaka, na ukuta ukaanza kutetemeka. Baba alitoa msumari mfukoni akanipa.

"Andika tarehe. Mukono yangu haitulie tena."

Niliandika. Plasta ilikuwa bado laini, na nilisikia mtetemo unapanda kwenye msumari mpaka kwenye kiwiko.

"Na bakikuuliza nani aliandika?"

"Minye, tata."

Akainama karibu kuangalia namba zangu kama zimenyooka. Kisha akachukua mkebe, akatoka, akashika njia ya mbele, ya barzani, kwenda kwa mama wa pagne.